Mkono Ulikuwa Tayari Kwenye Swichi

Leo asubuhi, nilipofungua stoo tunamohifadhi mitungi ya gesi kazini, nilipokewa na ile harufu mbaya ambayo huongezwa makusudi, kwa kuwa gesi yenyewe haina harufu.

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye swichi ya taa.

Nilikiondoa polepole bila kuibonyeza, nikaacha mlango wazi, nikawatoa wenzangu nje.

Baadaye fundi alipopaka maji ya sabuni kwenye valvu, mapovu yalijitokeza kwenye mtungi mmoja uliokuwa umelazwa ubavu, ingawa sote tunajua kwamba mtungi husimamishwa wima, kwani ukilala unaweza kuvujisha gesi ikiwa bado kimiminika, nacho hutanuka zaidi ya mara 200 kinapogeuka mvuke.

Lakini kinachonisumbua hadi sasa ni matundu ya hewa yaliyo chini ya ukuta. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na njia yake ya kutokea ilikuwa imezibwa na maboksi.

Maboksi hayo niliyapanga mimi, wiki iliyopita.

Ndugu zangu mnaofanya kazi na mitungi, ninyi hukagua matundu hayo mara ngapi?