Mara ya pili sikuisikia

"Yaya, lakini saa ya mashine iko inasema 2012."

Mdogo wangu aliyasema hayo Jumanne jioni, amesimama mlangoni na sahani ya ugali mkononi, mimi nikihangaika na kompyuta iliyokataa kufungua kurasa za intaneti. Nilimjibu bila hata kugeuka: "Usinizungushe. Ni flashi zako." Akaenda kula jikoni, peke yake. Wiki hii shangazi amefika kutoka Uvira, mahari ya binti yake imetolewa, umeme umekatika siku tatu hapa Kadutu, Bukavu, na mimi bado niko na mlango ule na sahani ile.

Mnajua kwa nini nilimshuku. Mwaka jana ndiye aliyerudi na flashi kutoka kwa watu wa fotokopi, kila folda ikageuka njia ya mkato ya kilobaiti chache. Niliwaandikia hapa jinsi nilivyolia nikidhani TFC za wateja wangu, zile kazi zao za kumaliza masomo, zimepotea, kumbe zilikuwa zimefichwa tu, na kile nilichokuwa nabonyeza ndicho kilichokuwa kinaamsha virusi. Kosa lile lilikuwa lake kweli. La Jumanne halikuwa lake.

Kila ukurasa niliofungua ulikataliwa, hata barua pepe: muunganisho si salama. Antivirusi nayo ikalalamika. Nikapekua diski nzima mpaka usiku wa manane, nikabadilisha maneno ya siri kwa simu, nikamkataza mtoto wa watu kugusa mashine. Upekuzi haukupata kitu, nami nikasema basi hiki ni kirusi chenye akili.

Ijumaa umeme uliporudi niliwasha, na kabla ya kitu kingine yakatokea maandishi meupe kwenye weusi: tarehe na saa hazijapangwa. Kwenye kona, 1 Januari 2012.

Tovuti salama hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine inayoamini tuko 2012 ikiletewa cheti cha mwaka huu inaona muda wake haujafika, inakikataa. Ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa, ila kwa saa mbovu. Na saa hiyo hutunzwa na kabetri kadogo kama sarafu, CR2032, volti 3, kamelala kwenye ubao mkuu. Waya ukiwa ukutani na umeme upo, kanapumzika. Sisi umeme ukikatika tunachomoa kila kitu, kwa kuogopa ule unaorudi kwa nguvu, na kabetri kanabaki na mzigo peke yake usiku na mchana. Miaka mingapi?

Nilikapata soko la Kadutu kwa franki elfu mbili. Nikachomoa waya, nikagusa chuma cha kasha kwanza, nikabandua kale ka zamani, nikaweka kapya, alama ya kujumlisha juu. Nikapanga tarehe. Barua pepe ikafunguka mara moja! Nilipiga vigelegele peke yangu chumbani, shangazi akauliza kuna nini tena.

Nikamwita mdogo wangu aje aone. Akainama, akaitazama ile saa kwenye kona muda mrefu. "Sasa iko sawa, yaya."

"Ulisema kweli Jumanne. Unisamehe."

"Haina shida. Nilikuambia mara mbili tu."

Mara mbili. Mimi nina ile moja, ya mlangoni. Tangu jana ninaitafuta ya pili. Ilikuwa Jumatano asubuhi, nilipokuwa ninamhesabia nauli? Ilikuwa usiku ule, nikiwa nimeinamia skrini, naye nyuma yangu? Sitaki kumuuliza. Nimemrudishia mashine, nimempa na saa zangu za jioni za wiki nzima, lakini hilo silo alilolikosa.

Mvua imeanza tena tangu saa kumi. Ule ufa wa ukuta wa nyuma, upande wa mteremko: Alhamisi kilikuwa kinaingia kidole kimoja. Nimetoka sasa hivi kuupima na taa ya simu. Vinaingia viwili, na chumba kile ndicho tulichomlaza shangazi.