Mikono miwili

Jana mwanangu aliniuliza, "Mama, mbona kikombe unakishika kwa mikono miwili?" Nikamwambia ni cha moto. Kilikuwa kimeshapoa.

Jibu la kweli liko katika kile chumba cha ushauri nasaha, mwaka wangu wa pili chuoni. Tulikuwa wanafunzi saba na washauri wawili, mara moja kwa wiki, wiki 12. Utaratibu wa namna ile, wa kutibu kwa kikundi hofu ya kutazamwa na watu, uliasisiwa Marekani na mwanasaikolojia Richard Heimberg, ila hayo nilikuja kuyasoma baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba nilikuwa nimeacha somo zima kwa kuogopa kusimama mbele ya darasa, na watu wakaniita mpole. Haukuwa upole. Wiki za mwanzo nilitazama viatu vya watu, basi.

Wiki ya nne zamu yangu ikafika. Nilichokiogopa kuliko vyote ni mikono yangu, jinsi inavyotetemeka nikitazamwa. Likawekwa jagi mezani na glasi sita. Nimimine maji kwa mkono mmoja, polepole, nimpelekee kila mwenzangu yake.

"Hofu iko ngapi, kati ya 0 na 100?" mshauri mmoja akauliza.

"90."

"Unadhani kitatokea nini?"

"Nitamwaga, na wote watajua."

"Watajua nini?"

Sikuwa na jibu. Nikainua jagi. Mdomo wake ukagonga ukingo wa glasi, ti-ti-ti-ti, kasauti kadogo ambako masikioni mwangu kalijaa chumba kizima. Maji yakatapakaa mezani. Mkono wa pili ukainuka wenyewe kuja kusaidia, mshauri akatikisa kichwa. Ukisaidia, alisema, utatoka hapa ukiamini kwamba huo ndio uliokuokoa.

Glasi ya pili. Ya tatu. Kwenye ya tano akaniuliza tena, nikasema 50. Mkono ulikuwa ungali unatetemeka vilevile. Hofu ndiyo iliyoshuka.

Nilipoketi, wenzangu wakaulizwa wameona nini. Wawili walidhani jagi ni zito. Kijana aliyekaa karibu na mlango hakuona chochote: zamu iliyofuata ilikuwa yake, na muda wote alikuwa akirudia moyoni sentensi yake ya kwanza. Nilimwelewa mpaka machozi yakanilenga.

Wiki iliyofuata hakuja, wala ile ya baada yake. Namba yake nilikuwa nayo. Lakini kumpigia mtu simu kulikuwa karibu na kilele cha orodha yangu ya hofu, ile tuliyoipanda kutoka hofu ndogo hadi kubwa, nikajiambia nitampigia nikifika hapo. Nilifika wiki ya kumi. Nikampigia mtu mwingine.

Usiku nilimweleza mwanangu ukweli wa kikombe, na hayo mengine pia. Akaitazama mikono yangu kwa muda, kisha akauliza kama yule kijana alipata maji yake.

Alipata. Glasi ya mwisho ilikuwa yake. Ilifika nusu.