Mashine yangu ya kudarizi bado inakula disketi

Nadarizi nembo za shule, kanzu na mashuka ya maharusi hapa Tanga. Mashine yangu ni Tajima ya mtumba kutoka Japani. Ina mdomo wa disketi, zile bapa za plastiki za inchi 3.5, na haina pa kuchomeka flashi. Nilipoinunua, karibu kila aliyeiona alinishauri niiuze mapema kabla disketi hazijaadimika. Sikuiuza, na kazi inaenda vizuri. Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu, maana nasikia mashine kama hizi zinapimwa kilo na kuuzwa chuma chakavu, na roho inaniuma.

Watu huidharau disketi kwa udogo wake, kwa kuwa hata picha moja ya simu haiingii. Lakini mashine ya kudarizi haitaki picha. Inataka kuambiwa sindano iende wapi, uzi ubadilishwe wapi na isimame wapi. Faili la DST, yaani faili la mchoro linalosomwa na mashine za kudarizi, linatumia baiti 3 tu kwa kila mshono, ukijumlisha na baiti 512 za utangulizi. Nembo ya shule yenye mishono 8,000 haifiki kilobaiti 25. Kwa hiyo disketi ya kilobaiti 720 inabeba zaidi ya nembo 25 za namna hiyo. Wateja wangu wa shule wote wanaenea kwenye disketi chache.

Shida ni kuzipata. Sony ndio walioitoa disketi ya inchi 3.5 mwaka 1981, na waliacha kuiuza huko Japani mwaka 2011. Zinazozunguka sasa ni akiba ya zamani au zilizokwisha kutumika. Tena mashine yangu inakubali zile za kilobaiti 720 peke yake, ambazo zina tundu moja kwenye kona. Za megabaiti 1.44 zina matundu mawili. Mafundi wengi huziba tundu la pili kwa utepe wa gundi na kuifomati kama ya 720. Inakubali, nami hufanya hivyo nikiwa na haraka, lakini sumaku ya disketi hizo ni tofauti kidogo na siiamini kwa kuhifadhi. Naitumia kuhamisha faili la siku hiyo tu.

Mzee aliyeniuzia mashine alinipa na boksi la viatu lililojaa disketi za kazi zake za miaka mingi. Hapo ndipo nilipojua adui wa kweli ni nini. Ukisogeza kile kifuniko kidogo cha bati na kuzungusha kitovu kwa kidole, unaliona duara jembamba la kahawia. Kwenye disketi nyingi za boksi lile, duara lilikuwa na madoa meupe kama vumbi la unga: ukungu wa unyevu wa pwani. Disketi yenye ukungu usiitie kwenye mashine hata kwa kujaribu. Inachafua kichwa cha kusomea, na kichwa kichafu kinakwaruza disketi nzima itakayofuata.

Zenye madoa nilizitenganisha ganda taratibu, nikatoa duara na kulipangusa pande zote mbili kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili, ile mafundi simu wanayosafishia bodi. Nililiacha likauke, kisha nikalivika ganda la disketi nyingine iliyo safi. Ni kazi ya kutulia, haifai kuifanya huku mteja anakusubiri.

Baada ya hapo nilizinakili zote. Nina laptopu ya zamani yenye mfumo wa Linux na kisomea disketi cha kuchomeka kwenye USB. Programu ya ddrescue inanakili disketi nzima, na sehemu inayogoma inairudia tena na tena badala ya kukata tamaa. Ukitumia Windows, uwe macho: disketi isiyoielewa itakuuliza kama uifomati. Kataa. Mashine nyingine za kudarizi zina mpangilio wao wenyewe, na Windows huudhania kuwa ni disketi tupu.

Faida yake niliiona alipokuja mwalimu mkuu mmoja na sweta lililochakaa mkononi. "Fundi, nembo yetu ya zamani bado ipo? Mchoro wenyewe umeshapotea." Nikamwambia, "Mwalimu, nipe hadi kesho niangalie." Ilikuwepo, kwenye disketi iliyoandikwa kwa penseli jina la shule. Kuichora upya kungemgharimu pesa, na wala isingefanana. Niliipiga kwenye kitambaa cha majaribio mbele yake, mwenge na kitabu vikatoka vilevile, na akaagiza za kidato cha kwanza chote.

Kuna jambo jingine linalonifanya niipende disketi. Ina kitufe kidogo cha kusogeza pembeni. Tundu lake likiwa wazi, draivu, yaani kile kisomea disketi, haiwezi kuandika chochote humo. Flashi nyingi hazina kinga hiyo, na anayezipeleka stesheneri anajua mafolda yanavyogeuka kuwa njia za mkato baada ya kompyuta moja yenye virusi. Disketi zangu mama zote nimezifungua tundu.

Draivu nayo itakufa siku moja. Nimeshanunua Gotek, kifaa kinachokaa mahali pa draivu ya disketi, kinachomekwa waya uleule bapa wa pini 34, na kinasoma flashi huku mashine ikidhani inasoma disketi. Zile nakala za ddrescue ndizo nitakazozipakia humo.

Anayetaka kununua mashine ya mtumba, aombe disketi zote kabla hajalipa, hasa ya programu ya mashine yenyewe, kwa sababu baadhi hupakiwa programu kutoka disketi. Nakili hiyo kwanza, siku hiyohiyo. Kisha zifunge zote kwenye kopo lenye mfuniko mkali pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na uliweke mbali na spika na mota.