Gongo la fisi

Mume wangu alifariki mwezi Februari, korosho tumeshauza na deni la salfa ya kupulizia mikorosho bado tunalo. Ugonjwa wake sitausimulia. Nataka kusimulia usiku.

Mchana una kazi zake: watoto, kuni, foleni ya maji. Usiku ndio ulikuwa unanimaliza. Nikijilaza tu macho yanawasha kama ya mtu aliyepuliza mikorosho bila miwani. Jogoo wa kwanza ananikuta macho, wa pili ananikuta macho. Rozari nilikuwa naanza vizuri, nikifika tendo la tatu nashtuka nimeshasahau niko wapi, nawaza nani atapuliza mikorosho mwezi wa sita.

Watu hawakuniacha. Jumuiya yetu walilala nami matanga yote, kisha wakaingia shambani wakamaliza palizi ya mahindi iliyotushinda. Jirani zangu Waislamu, maana Nachingwea tunaishi tumechanganyika, walileta uji asubuhi hadi nikaona haya. Tatizo lilikuwa maneno. "Mungu amempenda zaidi." Jamani, mjane msimwambie neno hilo. Mimi je, nilikuwa simpendi vya kutosha?

Na kila aliyekuja aliniachia Zaburi ya 23. Niliijua kwa moyo tangu mafundisho ya komunyo, lakini sasa mstari wa kwanza tu ulinikaba. Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu? Nimepungukiwa mtu mzima, na deni juu yake. Halafu kuna pale penye gongo na fimbo vinavyofariji. Kwa mtu wa huku kwetu, gongo ni ile pombe kali inayopikwa kwa mabibo. Kila zaburi hiyo ikisomwa kanisani watoto wanabana vicheko, na marehemu, mtu mzima na ndevu zake, ilikuwa lazima anikanyage mguu chini ya benchi ikifika hapo. Basi mstari ule ukawa mwiba kabisa. Nikaifunga Biblia, nikaiweka juu ya kabati.

Niseme ukweli mwingine: sisi watu wa Kusini mchungaji hatumjui. Hatukuwa watu wa ng'ombe, mbung'o walituzuia. Tulikuwa na mbuzi wawili watatu wa kufunga kamba, jioni unawafungua. Mchungaji kwangu alikuwa yule wa kwenye kalenda ya parokia: Yesu na nywele ndefu, kondoo mweupe mabegani, nyuma kuna ziwa halina hata wimbi. Wafugaji hasa walituingilia kwa wingi baada ya 2006 na 2007, walipoondolewa bonde la Usangu kule Mbeya na wengi wakaelekezwa mkoa wetu wa Lindi. Tangu hapo tunawajua zaidi kwa kesi za mashamba.

Na mimi yangu ilifika. Septemba, mbaazi zimekauka zinasubiri kuvunwa, nikaamka nikakuta robo tatu ya shamba imelala chini, kwato kila mahali. Nilifunga kanga kiunoni nikafuata nyayo hadi kwenye kijito, ambacho kiangazi ni mchanga mtupu. Matusi nilikuwa nimeyapanga njiani.

Nikakuta shimo, na ndani ya shimo kijana, nadhani hana hata miaka ishirini, amezama hadi kifuani anachota maji kwa kopo na kumimina juu kwenye dumu lililopasuliwa ubavu.

"Shikamoo, mama," akasema bila kusimamisha mkono.

Salamu ni salamu. "Marahaba. Ng'ombe wako wamemaliza mbaazi zangu."

"Ni wetu, mama. Kiu iliwatoa zizini usiku. Baba atakuja leo tulipe. Nivumilie niwanyweshe hawa kwanza."

Nikakaa kwenye mzizi kusubiri, maana ningekwenda wapi. Mdogo wake alikuwa amewazuia ng'ombe kwa fimbo, anawaachia watatu watatu. Kijana akawa anaita, yule aliyeitwa anatoka. Nikamuuliza kwa nini asiwaache wote waje wanywe.

"Wataporomosha mchanga, shimo litafukiwa, wakose wote. Maji lazima wayakute yametulia."

Nilimwomba arudie, maana zaburi ile nayo inataja maji ya utulivu. Pembeni kulikuwa na mtamba mgonjwa amelala, huyo alipelekewa maji kwenye ndoo, akasubiriwa anywe taratibu. Na pale ukingoni palikuwa na kigogo kizito cha mti, kichwa kimevimba kama ngumi. Nikauliza nacho cha kazi gani, fimbo si anayo mdogo wake?

"Fimbo ni ya hawa. Hilo gongo ni la fisi, mama. Silali nalo mbali."

Ya mbaazi tuliyamaliza kwa mwenyekiti wa kitongoji siku ileile, baba yake alilipa. Usiku ule niliishusha Biblia. Sikusoma mstari wa kwanza, niliuruka. Katekista wetu aliwahi kutufundisha kwamba mwanzo wa zaburi Daudi anamsimulia Mungu kwa wengine, ananilaza, ananiongoza. Akifika kwenye bonde la uvuli wa mauti ndipo anageuka na kumwambia mwenyewe: Wewe upo pamoja nami. Nikaanzia hapo. Nikazima taa nikamwona Bwana shimoni, mchanga hadi kifuani, anachota. Kazi yangu ni kusubiri niitwe, hata kama ni wa kuletewa kwa ndoo. Sikumbuki jogoo wa kwanza aliwika saa ngapi.

Haikuwa dawa ya siku moja. Desemba, korosho zinaokotwa bila yeye, nilirudi kukesha karibu wiki mbili. Usiku wa namna hiyo nasema maneno manne yale tu, nanyamaza, nasema tena. Mstari wa kwanza ulinirudia wenyewe baadaye, sikuulazimisha.

Mwaka huu, Dominika ya nne ya Pasaka, ile ya Mchungaji Mwema, nilipangiwa somo la wimbo wa katikati. Zaburi yenyewe. Nilipofika kwenye gongo, watoto wa benchi la mbele wakaanza. Nikamtazama mwanangu wa mwisho, kabana midomo, mabega yanatikisika vilevile kama ya baba yake. Nikashindwa. Nilicheka hapohapo kwenye mimbari, machozi yanatoka, paroko akasubiri, kisha nikaendelea kusoma.