Mikate Mitano ya Shayiri

Mwaka wangu wa kwanza Leipzig, Ujerumani, nilijiunga na darasa la Kigothi, lugha ya kale iliyokufa, jamaa ya Kijerumani. Tulikuwa watano, wenzangu wote Wajerumani, na nilishazoea kuwa wa mwisho kufumbua sentensi. Siku moja ya Januari mwalimu akatugawia karatasi yenye mstari mmoja tu, kutoka Injili ya Yohana iliyotafsiriwa na Wulfila, askofu wa Wagothi, katika karne ya 4:

Ist magula ains her, saei habaiþ ·e· hlaibans barizeinans jah ·b· fiskans.

Fiskans waliijua papo hapo, maana kwao samaki ni Fisch. Hlaibans nayo haikuwasumbua: mkate mzima wanauita Laib. Wakakwama kwenye barizeinans. Shayiri kwa Kijerumani ni Gerste, neno la mzizi mwingine kabisa, basi wakakosa pa kushika.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye zile herufi zilizowekwa kati ya nukta. Wagothi waliandika hesabu kwa herufi: e ni 5, b ni 2. Tano. Mbili. Samaki wawili! Moyo ulinipiga paa. Hadithi hiyo ya Yesu kulisha umati bibi alinikaririsha kabla sijajua kusoma.

“Ya shayiri,” nikasema. “Ni mikate ya shayiri.”

Mwalimu aligeuka ubaoni akaandika kwa haraka, kwa furaha ambayo sijaisahau. Jina lenyewe la shayiri halimo katika kurasa za Kigothi zilizosalia. Kimebaki kivumishi hiki tu, “-a shayiri”. Waingereza wa kale waliiita bere, na nyumba ya kuiwekea wakaiita bere-ærn, ambayo leo ni barn, ghala. Hata barley ya leo ilianza kama kivumishi, bærlic.

Nyumba ya shayiri. Hapo nikamwona baba, West Kilimanjaro, akitoka kwenye ghala la shamba alilofanyia kibarua, mabegani vumbi jeupe. Mama alikuwa akimvua shati nje ya mlango, kisha anachomoa ndevu za masuke kwenye kola, moja moja, kwa kucha, maana zikiingia ndani hakuna anayelala.

Mwalimu akaniomba niusome mstari ule kwa Kiswahili. Niliusema bila kutazama karatasi, kwa sauti ileile ya kuimbaimba aliyoitumia bibi.

“Tena,” akasema. “Polepole.”