Leopardi, mtu wa Iceland na simba wawili wenye njaa

Ipo hadithi moja ya Giacomo Leopardi, mshairi na mwanafalsafa wa Italia, aliiandika mwaka 1824, ndo iliyonifanya nianze kumfuatilia huyu bwana. Jamaa mmoja wa Iceland amechoka na dunia, kwanza alichoka na watu akajitenga, akaona bado, baridi inamtesa, Hekla ule mlima wa moto unamkosesha raha, magonjwa nayo hayaishi, basi akaamua kuzunguka dunia nzima kutafuta sehemu ambayo Maumbile (yaani nguvu za asili, humu kafanywa kama mtu) hatamfuata. Akazunguka weee mpaka akatokea ndani kabisa ya Afrika, kwenye ikweta, mahali ambapo eti hakuna binadamu aliyewahi kufika (hapa nilicheka, maana ukipita Nanyuki kwenye ule ubao wa ikweta utakuta watu kibao wanakuuzia vinyago na kukuonyesha maji yanavyozunguka kwenye beseni). Hapo ndo akakutana na jimama kubwa ajabu limekaa chini limeegemea mlima, nywele nyeusi tii, macho meusi tii, uso mzuri na wa kutisha kwa pamoja. Kumbe ndo Maumbile mwenyewe, yule yule anayemkimbia.

Basi jamaa akamwaga malalamiko yake yote. Akasema, hivi mtu akikukaribisha kwake mwenyewe bila kuombwa, halafu akulaze kwenye chumba kibovu kinachotaka kukuangukia, na watoto wake wakutukane na kukupiga, huyo ni mwenyeji gani? Maumbile hata hakasiriki, anamuuliza tu, kwani wewe ulidhani dunia imeumbwa kwa ajili yenu? Hata siku nikiwamaliza wote wala sitajua. Jamaa akauliza la mwisho, sasa haya maisha ya kuteseka na kufa yanamfaa nani? Kabla hajajibiwa wakatokea simba wawili, wamekonda kwa njaa hata nguvu ya kumla hawana vizuri, wakamla hivyo hivyo wakapata kusogeza siku. Wengine wanasema hapana, ni upepo ulimfukia mchangani akakaukia huko, akaishia kuwekwa makumbusho Ulaya.

Aliyeandika hayo alikuwa na miaka 25 tu. Alizaliwa 1798 Recanati, kamji kadogo ka Italia juu ya kilima, wakati huo eneo hilo liko chini ya utawala wa Papa. Baba yake Monaldo alikuwa kabaila, ila mali alishaivuruga, mpaka mama, Adelaide, akashika funguo za nyumba na kubana matumizi kisawasawa. Kitu kimoja hawakubana ni vitabu, maktaba ya Monaldo ilikuwa na vitabu kama 20,000, na huyu mtoto alijifungia humo miaka saba, Kilatini, Kigiriki, Kiebrania, vingi kajifundisha mwenyewe, akiwa na miaka 15 kashaandika historia ya elimu ya nyota. Alipotoka humo mgongo ulishapinda, macho yameharibika. Mwaka 1819 akapanga kutoroka nyumbani, baba akanusa habari za pasi ya kusafiria na mpango ukafa hapo hapo. Mwaka huo huo akaandika shairi la L'infinito, mistari 15 tu, mtu kakaa kilimani, uzio wa vichaka unamzibia upeo wa macho, na kwa sababu haoni ndo akili yake inaenda mbali mpaka anataka kupotea.

Baadaye walimruhusu kwenda Roma, hakuipenda kabisa, anasema raha aliyoipata kule ni kwenda kulia kwenye kaburi la mshairi Tasso. Milan, Bologna, Florence, Pisa, kote alipita akihangaika na hela. 1830 kitabu chake cha Operette morali, chenye hiyo hadithi ya Iceland, kikashindanishwa Florence kwa zawadi kubwa, akapewa Carlo Botta na historia yake ya Italia. Leo Botta nani anamsoma?

Sasa kinachonikera ni watu kumuita mkata tamaa wakamaliza hapo. Hata enzi zake walikuwa wanasema anawaza hivyo kwa sababu ni mgonjwa na ana kibiongo. Aliwajibu kwenye barua ya 1832, kwamba jamani bomoeni hoja zangu, acheni kusingizia maradhi yangu. Na ukisoma La ginestra, shairi aliloandika 1836 akiwa chini ya Vesuvius, mlima ule ule wa moto uliofunika mji wa kale wa Pompeii, utaona alikuwa anaelekea wapi. Kuna kichaka cha maua ya njano kimeota juu ya lava, kinanukia, hakijidai, hakiombi msamaha. Halafu anasema Maumbile ni mama kwa kutuzaa ila moyo wake ni wa mama wa kambo, kwa hiyo adui wetu ni mmoja na binadamu kuchinjana wenyewe kwa wenyewe ni upumbavu, tushikane. Mimi hapo sioni kukata tamaa, naona mtu aliyekataa kudanganywa na bado anataka watu wasaidiane.

Alifariki Naples tarehe 14 Juni 1837, kipindupindu kimeshika mji, hajafika hata miaka 39, akiwa kwa rafiki yake Antonio Ranieri ambaye alikuja kuandika kitabu uzeeni humo akilalamika jinsi mgeni wake alivyokuwa analala mchana na kula aiskrimu bila kiasi. Daftari lake la Zibaldone, kurasa 4,526 za mkono, lilikaa mpaka 1898 ndo likaanza kuchapwa, na tafsiri yake nzima ya Kiingereza imetoka 2013 tu.

Ila msianzie huko mtakimbia. Anzieni Operette morali, hasa ile ya mchuuzi wa kalenda, kurasa chache sana. Mpita njia anamuuliza mchuuzi kama angekubali kurudia maisha yake yote vile vile yalivyokuwa, mchuuzi anasema aah hapana, anataka mapya, na mwaka ujao si utakuwa mzuri? Mteja anakubali, anachagua kalenda nzuri kuliko zote, analipa soldi 30 (sarafu za Italia za enzi hizo) na biashara inaendelea.