Namna nilivyokiwezesha kisomaji chetu cha nyaraka kuliona neno ng'ombe

Ofisi yetu iko Busia, upande wa Uganda, na kazi yetu kubwa ni kuwawekea wafugaji na wafanyabiashara wa mifugo nyaraka za Kiswahili wanazoweza kuzisoma kwenye kivinjari cha simu bila kusakinisha programu yoyote. Nyingi ni miongozo ya PDF kuhusu kupe, ndigana kali, chanjo na ugonjwa wa miguu na midomo, ule ambao ukizuka karantini hutangazwa na masoko ya mifugo hufungwa. Kisomaji chenyewe nilikijenga juu ya PDF.js, programu huria ya kufungulia PDF ndani ya kivinjari, mradi wa Mozilla ulioanza mwaka 2011 na kuingizwa ndani ya kivinjari chao cha Firefox mwaka 2013, lakini sehemu ya kutafuta maneno niliiandika mwenyewe, na humo ndimo hitilafu ilimokuwa imejificha.

Mzee mmoja anayenunua ng'ombe minadani alikuja ofisini akiwa na simu mkononi. "Kijana wangu," akaniambia, "mwongozo huu umejaa ng'ombe tangu mwanzo hadi mwisho, lakini nikiwatafuta naambiwa hakuna. Nikitafuta fizi, hakuna. Nikitafuta kupe, wapo." Nikamjibu, "Mzee, niachie siku chache." Siku hizo chache zikawa wiki tatu.

Ushauri nilioupata mwanzoni ulinipotezea muda. Mmoja alisisitiza tununue seva kubwa zaidi, jambo ambalo lingetugharimu mamia ya maelfu ya shilingi kila mwezi, ilhali utafutaji wote hufanyika ndani ya simu ya msomaji na seva haihusiki hata kidogo. Mwingine alitaka tuichape upya miongozo yote. Wa tatu alisema watumiaji wafundishwe kuandika maneno sawasawa, na huo ndio ulioniudhi kuliko yote, kwa sababu mzee yule aliliandika neno lake bila kosa lolote na kosa lilikuwa letu.

Nilianza kuupata mwanga nilipoacha kuisoma misimbo yangu na kuyachunguza maandishi yenyewe. Nilinakili neno "afisa" kutoka ukurasa wa mwongozo, nikalibandika katika dirisha la wasanidi la kivinjari, pale mwandishi wa programu anapojaribia amri zake, na kuuliza lina herufi ngapi. Jibu likaja: 4. Nililihesabu kwa kidole kwenye kioo, a, f, i, s, a, nikapata tano. Wachapaji wa vitabu tangu zamani huziunganisha f na i kuwa umbo moja ili kichwa cha f kisigongane na nukta ya i, na baadhi ya nyaraka zetu zilikuwa zimelihifadhi umbo hilo kama herufi moja yenye namba 64257 katika Yunikodi, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake. Msomaji anaona "fizi", "figo" na "afisa", lakini kompyuta inaona kitu kingine kabisa. Ndiyo maana kupe walionekana na fizi zikapotea.

Nikadhani nimemaliza. JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya vivinjari, ina njia ya kuyasawazisha maandishi iitwayo NFKC, inayoligawa umbo hilo liwe f na i, kwa hiyo niliusawazisha ukurasa mzima kabla ya kutafuta. Neno "fizi" likapatikana mara moja, nikafurahi, kisha nikaiona alama ya njano inayolifunika neno lililopatikana imekaa mahali pasipo pake. Kila umbo lililogawanywa liliongeza herufi moja, na ongezeko hilo lilijilimbikiza kadiri ukurasa ulivyoendelea, hivi kwamba katika ukurasa wenye maumbo kumi na moja ya aina hiyo, alama iliyopaswa kulifunika neno "kupe" mstari wa mwisho ilikuwa imesogea herufi 11 na kulifunika neno jingine. Nilijaribu kupunguza moja kila neno linalotafutwa linapokuwa na "fi". Tokeo la kwanza likakaa sawa, la pili likakosea, na nikaipoteza Jumamosi yote na nusu ya Jumapili nikiongeza na kupunguza namba kwa kubahatisha.

Suluhisho lilikuwa kuacha kubahatisha na kuweka kumbukumbu. Sasa ninausawazisha ukurasa herufi moja baada ya nyingine, na kila herufi inayotoka inaandikiwa ilitoka nafasi gani ya maandishi ya asili. "Afisa" ya mwongozo ule inatoa herufi tano zenye nafasi 0, 1, 1, 2 na 3. F na i zote mbili zinaelekeza kwenye nafasi ya 1, ambako umbo lao la pamoja linakaa. Neno linatafutwa katika maandishi yaliyosawazishwa, lakini alama inachorwa kwa kufuata nafasi za asili. Ni mistari isiyofika thelathini, na inaimudu hata alama ya ½ katika vipimo vya dawa, ambayo NFKC huigeuza kuwa herufi tatu. Anayeandika kitu kama hiki alisawazishe pia neno linalotafutwa, si ukurasa pekee.

Ng'ombe bado hawakuonekana. Hapa kuhesabu herufi hakukusaidia, maana neno lilikuwa na alama saba pande zote mbili. Nilipochapisha namba za kila alama ndipo nikaona kwamba kibodi ya mzee ilitoa kile kikoma cha juu chenye namba 39, ilhali mwongozo ulikuwa na kile kilichopinda, namba 8217. NFKC haivigusi hivyo viwili, kwa hiyo ni lazima ubadilishe mwenyewe, na unapobadilisha usisahau namba 8216 na 700, ambazo nilizikuta katika nyaraka nyingine. Kwa lugha yenye ng'ombe, ng'ambo na kung'oa, hili si jambo dogo hata kidogo.

Nilipokuwa humo nilirekebisha pia tatizo jingine, la kivinjari kujifunga chenyewe kwenye simu ndogo. Ukurasa wa A4 ukichorwa kwa ukubwa wake wa asili kwenye kioo chenye uwiano wa pikseli 3, yaani kila nukta ya ukurasa huchorwa kwa pikseli tatu kwa upana na tatu kwa urefu, hula takriban megabaiti 18 za kumbukumbu, nasi tulikuwa tunaziacha kurasa zote zilizokwisha kupitwa. Sasa ukurasa ukishakuwa mbali, upana na urefu wa turubai yake, yaani eneo ambalo kivinjari huuchorea, vinawekwa sifuri na kumbukumbu inarudi.

Gharama yote ilikuwa muda wangu na vifurushi vichache vya intaneti. Mzee nilimpigia Jumatatu asubuhi. Aliufungua mwongozo tukiwa bado tunaongea, akaandika "fizi", akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunisomea kwa sauti aya inayoeleza vidonda vya mdomoni, neno kwa neno, mpaka mwisho wake.